Wakuu, ultramarini ya tyubu na ile ya jiwe ni kitu kimoja? Mbona yangu inatoka nyeusi

Kalamu_Butu:

Wakuu salama? Mimi najifundisha mwenyewe kuchora, mwaka wa pili sasa naharibu kanvasi kwa rangi za mafuta. Juzi nikasema ngoja na mimi ninunue ile bluu maarufu, ultramarini, maana kila ukigusa habari za wachoraji wa zamani unaambiwa hiyo ndo bluu yenyewe, bei yake ilikuwa inashindana na dhahabu. Nikafungua tyubu kwa heshima zote, nikaminya, ikatoka nyeusi. Sio nyeusi ya mkaa, ila ukisimama hatua mbili nyuma unaapa ni wino. Nikajipa moyo nikachanganya na njano nipate majani ya mti, ikatoka rangi ya dimbwi.

Alafu pale pale nilikonunua kulikuwa na kichupa kama cha dawa ya macho, ndani unga wa bluu, lebo inasema umetoka kwenye jiwe halisi la lapisi lazuli. Bei yake ukilinganisha na tyubu yangu ni kichekesho, nilikirudisha taratibu kama mtu aliyeshika yai.

Sasa naomba kuelimishwa. Kwanza kwa nini ilikuwa ghali hivyo, kwani zamani hakukuwa na bluu nyingine? Na hii yangu ni ile ile au nimeuziwa jina tu? Na kusema ukweli, hao watu waliokuwa wanaililia walikuwa wanaona nini ambacho mimi sikioni? Msinicheke jamani.

MzeeWaBrashi:

Kijana karibu, hakuna wa kukucheka, wote tulipita kwenye dimbwi hilo hilo. Nianze na jiwe maana bila jiwe hii stori haina miguu.

Lapisi ya maana kwa karne na karne ilitoka sehemu moja, Sar-i Sang, huko Badakhshan kaskazini mashariki mwa Afghanistan, bonde la mto Kokcha. Watu wanachimba pale zaidi ya miaka 6,000 sasa. Kutoka kwenye mgodi jiwe linabebwa na wanyama kushuka milima, linavuka nchi, linapanda meli, linafika Venice, na kila mkono uliolishika njiani umekata chake. Hata jina linakwambia, kwa Kilatini ultramarinus ni kitu cha ng'ambo ya bahari. Hawakuiita kwa ilivyo, waliiita kwa umbali.

Lakini umbali ni nusu ya bei tu, nusu nyingine ni jasho. Watu wanadhani unachukua jiwe, unasaga, umepata bluu. Thubutu! Ndani ya lapisi kuna chembe za bluu, kuna kalsaiti nyeupe, kuna pairaiti ile inayometa kama dhahabu, ukisaga vyote kwa pamoja unapata kitu cha kijivu kisicho na shukrani. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika mambo ya ufundi karibu na mwaka 1400, anaeleza dawa yake: kwa kila ratili ya unga wa jiwe chukua wakia 6 za utomvu wa msonobari, wakia 3 za mastiki, ile gundi ya mti, na wakia 3 za nta mpya, yeyusha, changanya na unga upate donge, alafu donge hilo likandwe kila siku kwa siku tatu usiku na mchana, kisichopungua hapo. Baadaye unalitia kwenye bakuli lenye maji ya majivu ya uvuguvugu, unashika vijiti viwili, kila mkono kimoja, unalibonyeza na kuligeuza kama mtu anayekanda unga bila kuugusa. Uchafu unang'ang'ania kwenye nta na utomvu, zile chembe za bluu zinaachia zenyewe zinazama chini. Maji ya kwanza na ya pili ndo yenye mali. Ukiendelea bluu inapungua nguvu, mwisho unatoka unga wa kijivu wenye bluu ya kuibia, nao haukutupwa, uliuzwa kwa jina la majivu ya ultramarini.

Na huyo bwana Cennini anasema kabisa kwamba kazi hii wasichana wanaifanya vizuri kuliko wanaume kwa sababu wanatulia nyumbani na mikono yao ni laini, ila ujihadhari na vikongwe. Sijui vikongwe walimkosea nini.

Sasa ukishajua hayo ndo utaelewa kwa nini bluu iliingia kwenye mikataba. Mwaka 1485 Domenico Ghirlandaio alipopewa kazi ya kuchora Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, kwa ajili ya nyumba ya watoto waliotelekezwa pale Florence, mkataba uliandika bluu iwe ultramarini ya thamani ya kama florini 4, sarafu za dhahabu za Florence, kwa wakia. Kwa nini waandike? Kwa sababu walijua mafundi. Kulikuwa na bluu nyingine, azuraiti, inatoka kwenye madini ya shaba, bei nafuu, na kwa mbali inafanana. Ila azuraiti ina ukijani ndani yake, na ukiisaga laini sana inapauka. Mwenye hela alitaka joho la Bikira Maria liwe la jiwe lenyewe, na watu wakija kanisani wajue ni la jiwe lenyewe.

Pale National Gallery ya London kuna picha ya Michelangelo ya kuzikwa kwa Yesu ambayo hakuimaliza, kona moja chini iko tupu kabisa, mahali ambapo inaaminika alitakiwa kukaa Maria. Kuna wataalamu wanaokisia alikuwa anasubiri ultramarini, wengine wanasema aliondoka tu Roma akaacha kazi. Mimi niko na wa kwanza, ila naelewa ni mapenzi yangu tu.

Kemia_Jioni:

Mzee hapo kwenye kukanda umenikosha. Ngoja mimi nijibu lile la pili maana ndo langu.

Kalamu, hujapigwa. Geuza tyubu usome maandishi madogo, utakuta PB29. Hiyo ndo namba ya ultramarini kwa dunia nzima, iwe ya jiwe iwe ya kiwandani. Ni kristali ile ile. Bluu yake inatoka kwenye salfa, ndio, kiberiti kile kile cha njano. Atomu tatu za salfa zimeshikana, zimefungiwa ndani ya kizimba cha alumini na silika na oksijeni, sodiamu ikiwa humo humo ndani. Hizo tatu zinameza mwanga wa njano na wa machungwa, kinachobaki kurudi kwenye jicho lako ni bluu yenye uzambarau kwa mbali. Kizimba kikivunjika bluu imekufa. Weka asidi uone, rangi inapotea mbele yako na harufu ya yai bovu inapanda, hiyo ndo salfa inaaga.

Jinsi walivyoipata kiwandani ni stori ya majiko. Goethe, yule mshairi wa Ujerumani, alipokuwa Sicily mwaka 1787 aliona kwenye matanuri ya chokaa karibu na Palermo kuna magamba ya bluu yameganda ukutani, na watu wa pale walikuwa wanayatumia kama mapambo badala ya lapisi. Mwaka 1814 huko Ufaransa ikaonekana tena bluu ya namna hiyo ndani ya tanuri la magadi pale Saint-Gobain, wakaipima wakakuta inafanana na lapisi. Yaani bluu ilikuwa inajitengeneza yenyewe mara kwa mara kwenye majiko na mafundi wanaikwangua kama masizi! Mwaka 1824 jumuiya moja ya Wafaransa ya kuendeleza viwanda ikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa bei isiyozidi faranga 300 kwa kilo, wakati ile ya jiwe ilikuwa inauzwa kwa maelfu. Mwaka 1828 akashinda Jean-Baptiste Guimet. Mwaka huo huo Christian Gmelin wa Tübingen huko Ujerumani akachapisha njia yake na kulalamika kwamba yeye ndo wa kwanza, wakagombana, hela ikabaki Ufaransa. Ndo maana mpaka leo tyubu nyingi zimeandikwa ultramarini ya Kifaransa.

Malighafi yenyewe ni aibu kwa jinsi ilivyo rahisi: udongo mweupe wa kaolini, magadi, salfa na mkaa. Unapika kama nyuzi 750 au 800 bila hewa, inatoka kijani, alafu unaruhusu hewa iingie wakati inapoa polepole, inageuka bluu. Unaosha, unasaga. Hata ile bluu ya kufulia nguo nyeupe mara nyingi ni hii hii, inaua manjano ya kitambaa cha zamani kwa kuyafunika na rangi inayopingana nayo. Fikiria, kitu kilichokuwa cha joho la Bikira kikaishia kwenye beseni la kufulia ndani ya karne moja.

MzeeWaBrashi:

Kemia nakuheshimu ila "ni kile kile" hapo sikubali moja kwa moja. Nimeziona zote mbili zikiwa zimepakwa pembeni kwa pembeni. Ya kiwandani ni kali, imenyooka, punje zote ndogo na sawa. Ya jiwe ina punje kubwa na ndogo, humo humo kuna kipande cha kalsaiti kinapitisha mwanga, ina kupumua fulani. Ukiitazama haikupigii kelele.

Kemia_Jioni:

Sasa hapo mzee hatupingani. Kristali ni ile ile, kilichobadilika ni usagaji na uchafu. Unachokipenda wewe ni uchafu 😂

MzeeWaBrashi:

Haya, napenda uchafu. Andika.

Nasra_Rangi:

Mnamwacha mtoto wa watu na dimbwi lake nyie mnabishana. Kalamu, mimi nimepaka kwa miaka mingi na niliwahi kuwa mjinga zaidi yako, niliamua kujaribu hiyo kazi ya Cennini mwenyewe. Nikapata vipande vya lapisi vya rangi hafifu, nikasaga kwenye kinu cha chuma mpaka mabega yakauma, nikayeyusha utomvu na nta, nyumba nzima ikanuka msonobari, nikakanda siku tatu kama nilivyoambiwa. Nilipolitia donge kwenye maji ya majivu nikabonyeza weee, robo saa hakuna kitu, nusu saa hakuna kitu, nikaanza kujitukana. Alafu ukatoka uzi mmoja wa bluu, mwembamba kama moshi wa udi, ukazunguka ndani ya bakuli ukashuka chini. Nilinyamaza. Mwisho wa yote nilipata kijiko kimoja cha chai, na sio kijiko kilichojaa. Hiyo picha ya uzi ndani ya maji ndo jibu langu kwa swali lako la walikuwa wanaona nini.

Sasa turudi kwenye tyubu. Ultramarini haiko nyeusi, iko angavu, yaani inapitisha mwanga. Ukiiminya nene mwanga unaingia haurudi, unaona giza. Ichukue tone dogo, isambaze nyembamba juu ya nyeupe iliyokauka, au ichanganye na nyeupe kidogo tu, ndo utaiona inafunguka. Wazee walikuwa wanaweka nyeupe chini kwanza, juu yake tabaka jembamba la ultramarini, lingine tena, mwanga unapita mpaka chini unagonga ile nyeupe unarudi umebeba bluu. Vermeer, mchoraji wa Delft huko Uholanzi, yeye alikuwa anaificha hadi chini ya rangi nyingine, kwenye vivuli na kuta ambazo mtu hata hajui kuna bluu pale. Yule msichana wake wa hereni ya lulu, kilemba chake ni ultramarini ya jiwe. Alikufa mwaka 1675 akaacha madeni, sisemi ni bluu iliyomfilisi ila haikumsaidia.

Dimbwi lako nalo halina uchawi. Ultramarini imebeba wekundu ndani yake, na njano nyingi zenye joto zimebeba wekundu pia, ukizikutanisha una rangi tatu kwenye kijani chako, lazima iwe tope. Tafuta njano ya limau, au ukitaka kijani kikali achana na ultramarini, tumia bluu ya Prussia au ile thalo, bluu nyingine ya kiwandani. Ila usilidharau tope. Changanya ultramarini na siena iliyochomwa, ile hudhurungi ya udongo, utapata kijivu cha mawingu ya mvua ambacho hakuna tyubu inayokiuza.

PunjeYaMchanga:

Samahani naingilia, naona tunaanzia Italia kama kawaida. Aliyeuliza kama zamani hakukuwa na bluu nyingine ajibiwe: ilikuwepo, na iliyotangulia kutengenezwa na binadamu ilitoka Misri, Afrika hii hii. Zaidi ya miaka 4,500 iliyopita Wamisri walikuwa wanachukua mchanga, chokaa, shaba na magadi wanachoma kama nyuzi 900 kwa masaa mengi wanapata kipande kigumu cha bluu, wanasaga, wanapaka. Hawakungoja jiwe la Afghanistan ingawa nalo walikuwa nalo. Angalia barakoa ya dhahabu ya farao Tutankhamun: nyusi na wanja wa macho ni lapisi, lakini ile mistari ya bluu ya kilemba ni kioo. Jiwe waliliweka karibu na jicho, kwingine wakaweka kazi ya tanuri. Hiyo ni akili ya fundi anayejua bajeti.

Na bluu ya Misri ina kioja chake. Ukiimulika kwa mwanga wa kawaida, yenyewe inarudisha mwanga wa infraredi ambao jicho halioni ila kamera maalumu inauona, inang'aa kama taa. Ndivyo walivyogundua mwaka 2009 kwamba sanamu za Parthenon, lile hekalu la kale la Athens, zilizoko British Museum, zile nyeupe ambazo watu wamezisifia kwa weupe miaka yote, zilikuwa zimepakwa rangi. Chembe chache zilizobaki kwenye mikunjo zikawaka.

Baada ya dola ya Roma kuanguka ufundi ukapotea Ulaya. Na hapo ndo jiwe likapata nafasi ya kuringa.

Kalamu_Butu:

Duh. Nimekuja kuuliza tyubu nimepewa shule nzima. Asanteni sana. Ila bado kuna kitu hakijakaa. Ule unga kwenye kichupa ulikuwa UNAWAKA, bluu mpaka macho yanauma. Na Kemia anasema ni kristali ile ile na yangu. Sasa mbona unga unawaka na ya tyubu imezimika, wakati wote ni ultramarini? Kuna jamaa aliniambia kuna Mfaransa alipata hataza ya bluu yake ya kuwaka, labda ndo siri hiyo?

Kemia_Jioni:

Hilo sasa ndo swali zuri kuliko yote uliyoleta. Kumbuka mchanga. Mkavu ni mweupe, ukimwagia maji unakuwa mweusi mweusi, na hujabadilisha mchanga. Kati ya punje kavu kuna hewa, mwanga ukitoka kwenye hewa ukigonga punje unaruka nje. Maji yakijaza zile nafasi mwanga hauruki tena, unapita tu ndani. Sasa ultramarini na mafuta ya kitani vinapinda mwanga kwa kiwango kinachokaribiana sana, yaani kwa mwanga ni kama punje haipo, unazama moja kwa moja. Ndo giza unaloliona. Nyeupe ya titani yenyewe inapinda mwanga sana kuliko mafuta, kwa hiyo haizami.

Huyo Mfaransa ni Yves Klein. Alikuwa na ugonjwa wako huo huo, aliupenda unga ukiwa mkavu na akachukia mafuta yanavyouua. Akamfuata Édouard Adam, muuza rangi wa Paris, wakatumia gundi ya kiwandani, resini inayoshikilia punje bila kuzizamisha, ikikauka hewa inabaki katikati, uso unakuwa kama velveti. Hataza hakupata. Tarehe 19 Mei 1960 aliweka maelezo yake kwenye bahasha ya Soleau, ambayo kwa Ufaransa ni utaratibu wa kuthibitisha tarehe ya wazo lako, basi, haimzuii mtu. Na unga aliotumia ni ultramarini ya kiwandani, ya kina Guimet. Alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 34.

MzeeWaBrashi:

Na hapo naongezea kwamba wazee wa kabla ya mafuta walipaka ultramarini kwa gundi au kwa yai, na kwenye vitabu vya ngozi walipaka kwa gundi nyembamba, ndo maana ukifungua kitabu cha kale bluu inakurukia utadhani imepakwa jana.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Ujerumani, sehemu inaitwa Dalheim, kulikuwa na nyumba ya watawa wa kike. Watafiti walichukua mifupa ya mwanamke mmoja aliyezikwa pale kati ya mwaka 997 na 1162, wakakwangua ule ugaga wa meno wauchunguze chakula chake, wakakuta chembe za bluu. Lapisi. Walichapisha mwaka 2019. Wanavyoona wao, kinachoelekea zaidi ni kwamba alikuwa mchoraji wa vitabu na alikuwa anachongoa brashi yake kwa midomo, analamba, anachora, analamba. Jina lake halipo popote. Miaka elfu moja karibu, na bluu imekaa kwenye jino.

Nasra_Rangi:

Hiyo ya jino huwa inanitoa machozi kila nikiikumbuka. Na bado kuna watu wanatuambia kazi ile ilikuwa ya watawa wa kiume tu.

ila jamani msilambe brashi, rangi za siku hizi nyingine zina kobalti na kadmiamu

Wino_Wa_Pweza:

Nimechelewa ila siwezi kuacha bluu ya Prussia itajwe mstari mmoja tu kama mtoto wa kambo. Hiyo ni bluu ya ajali. Berlin, karibu na mwaka 1706, kuna mtengeneza rangi anaitwa Diesbach alikuwa anatengeneza NYEKUNDU, ile ya wadudu wa kochinili. Potashi ilimwishia akachukua kwa mwanakemia mmoja anaitwa Dippel, na ile potashi ilikuwa imeshatumika kwenye mafuta ya wanyama, ina damu ndani. Akachanganya na chuma kama kawaida yake, badala ya nyekundu ikatoka bluu nzito ajabu. Wakaficha siri mpaka 1724 ilipochapishwa London. Kwa mara ya kwanza tangu Wamisri mchoraji maskini akapata bluu ya tanuri iliyo kali kweli.

Lile wimbi kubwa la Hokusai, mchoraji wa Japani, mnalijua wote, la karibu na 1831, limejaa bluu hiyo. Alafu mwaka 1842 mwanasayansi wa Uingereza John Herschel akaitumia kupiga picha kwa jua, ndo zikaja zile ramani za bluu za wahandisi. Na ni dawa pia, inakamata metali za hatari, thaliamu na sesiamu, tumboni, mwaka 1987 kule Goiânia, Brazili, waliogusa sesiamu yenye mionzi walipewa kunywa. Kuna ultramarini iliyowahi kuokoa mtu?

MzeeWaBrashi:

Inaokoa roho.

PunjeYaMchanga:

😂😂 Mzee bwana

Kalamu_Butu:

Wakuu narudi na ripoti. Nimetafuta unga wa ultramarini ya kiwandani, ule wa kawaida, nikachora mistari mitatu kwenye kadi nyeupe. Wa kwanza nimeuchanganya na mafuta ya kitani, nene. Wa pili mafuta hayo hayo ila nimeusambaza kwa kitambaa ukabaki kama kivuli. Wa tatu gundi kidogo sana na maji, nikauacha ukauke.

Wa kwanza ni wino wangu ule ule. Wa pili nilipousambaza nikaona ule uzambarau Kemia aliousema, upo kabisa, unatokea pembeni pale rangi inapoishia. Wa tatu mwanzo ulikuwa giza kama wa kwanza, nikasema hawa watu wamenidanganya, nikaenda kufanya mambo mengine. Niliporudi maji yalikuwa yamekauka nusu, na kwenye mstari ule ule unaona mpaka, upande uliolowa mweusi na upande uliokauka unawaka, na mpaka unasogea taratibu ukiwa unautazama. Nimekaa chini nikautazama mpaka ukamaliza.

Tatizo gundi nimeweka kidogo mno, ukiugusa unatoka na kidole. Saa hizi ninayo usoni, kwenye simu, na kitasa cha mlango ni bluu. Inatokaje?

Nasra_Rangi:

Kitambaa chenye maji tu. Hiyo sio nili ya kuingia ndani ya uzi, imekaa juu juu. Ila kabla hujafuta kitasa kipige picha uniwekee hapa.